Sura ya Tisa: Ukurasa wa Sitini na Moja

Saa mbili kasorobo asubuhi Inspekta Kobe alikuwa ameshakaa mbele ya mahabusu wake, na chai aliyoagiza ilikuwa imeshapoa. Jina la Kobe alibandikwa na wenzake kituoni, kwa sababu hakuna jalada lililowahi kumtoka mikononi mapema. Mwanzoni alinuna. Siku hizi hata mkewe alimwita hivyo hivyo, hasa akiwa na shida na kitu.

Mahabusu alikuwa Mhandisi Mkuu wa Majengo wa wizara, mama wa miaka hamsini na miwili, na hii ilikuwa siku yake ya sita ndani ya blauzi ileile. Wiki tatu nyuma, paa la ukumbi mpya wa kusubiria katika hospitali moja ya serikali liliporomoka mvua ikinyesha, na watu watatu wakafa wakiwa wameshika kadi zao za matibabu. Ukumbi ulikuwa na siku kumi na tisa tu tangu uzinduliwe. Kampuni ya ushauri iliyopewa kazi ya kuukagua ilikuwa imeandika katika rasimu yake kwamba kenchi za paa hazina nguvu ya kubeba vigae, na kwamba watu wasiingizwe humo kabla ya kuongezwa nyingine. Kwenye ripoti ya mwisho, onyo hilo halikuwemo. Nyuma ya ripoti kulikuwa na jedwali la maoni ya wizara, na jedwali lilisema ni nani aliyetaka onyo liondolewe. Aliyetajwa ni Mhandisi Mkuu wa Majengo.

"Saa nane mchana wananisomea mashtaka," alisema Mhandisi.

"Ndiyo, mama."

"Ya kuua."

"Ya kuua bila kukusudia."

"Kwa watoto wangu hiyo ni tofauti ya miaka mingapi, Afande?"

Kobe alichukua kalamu. Alifungua daftari lake kwenye ukurasa mpya. "Nieleze tena habari ya rasimu."

"Nimeshakueleza mara nne."

"Kichwa changu kizito. Nieleze ya tano."

Mhandisi alishusha mabega. "Rasimu ililetwa, nikaisoma yote. Nikaliona onyo la kenchi, nikafurahi, maana lile paa lilikuwa linaninyima raha tangu linaezekwa. Sasa nitoe maoni ya nini? Walikuwa wameshaandika nilichotaka kusema. Sikupeleka neno. Ripoti ya mwisho ilipokuja nikasaini barua ya juu, ya kuipokea. Ndani sikurudia kusoma. Hilo ni kosa langu, nitalikubali hata mbele ya hakimu. Lakini lile jedwali silijui."

"Cheo chako kimo."

"Cheo changu kimo hata kwenye mlango wa choo cha ghorofa ya tatu, kwamba bomba likipasuka nipigiwe simu mimi. Kwani ni mimi niliyeandika pale?"

Kobe alitaka kucheka, akajizuia. Kila aliyewahi kukaa kwenye kile kiti aliapa kwamba hakuandika, hakusema, hakuwepo. Lakini huyu alikuwa amekiri kosa moja bila kubanwa, na katika miaka yake yote ya kazi Kobe hakukumbuka mwongo aliyeanza kwa kujipunguzia utetezi.

Nje, kwenye benchi, dada mkubwa wa Mhandisi alikuwa ameketi na chupa ya chai mapajani. Alikuwa hapo kila siku tangu kufunguliwa kwa geti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo mdogo wangu anatoka?"

"Nakimbizana na saa nane, mama."

"Basi kimbia. Mbona unatembea?"

Kabla hajafika kwenye gari simu yake iliita. Alikuwa Mkuu wake wa Upelelezi, mtu asiyepoteza muda kwa salamu.

"Kobe, una cheo kwenye jedwali, una saini kwenye barua. Unatafuta nini tena?"

"Namtafuta mwandishi, Mkuu."

"Mwendesha mashtaka atasoma kilichomo kwenye jalada. Ukimletea kitu kilichosainiwa kabla ya saa nane, atakisoma nacho. Usipokileta, ufyate mkia turudi kwenye kazi nyingine."

Mpaka asubuhi ile Kobe alikuwa amemtilia shaka Katibu Mkuu wa wizara. Alikuwa na sababu. Orodha ya simu ilionyesha kwamba jioni ya tarehe kumi na moja Katibu Mkuu alimpigia mshauri wa ile kampuni wakaongea dakika nne, na jedwali la maoni lilikuwa na tarehe ya kesho yake. Kwa siku mbili nzima Kobe alizizunguka zile dakika nne. Lakini orodha ya simu haisemi watu waliambiana nini, na Katibu Mkuu alipohojiwa alikenua meno tu, akasema walizungumzia sherehe ya uzinduzi. Kobe akaamua kurudi kwenye karatasi. Karatasi angalau hazikenui meno.

Masjala ya wizara ilikuwa chini kabisa, chumba kirefu chenye makabati ya chuma na dirisha moja lililotazama ukuta. Karani wake alikuwa mama mnene mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani.

"Umekuja tena," alisema.

"Nimekumiss, mama."

"Mwongo mkubwa. Umelimiss daftari."

Alilisukuma mezani. Lilikuwa daftari la kupokelea nyaraka, pana kama sinia. Kobe alikuwa ameshaupitia ukurasa ule mara mbili: tarehe tisa, rasimu ya ripoti ya ukaguzi, imeletwa na dereva wa kampuni ya ushauri, imepelekwa kwa Mhandisi Mkuu. Safari hii aliusoma kuanzia kulia kwenda kushoto, kama alivyozoea akikwama. Pembeni kabisa, nje ya mistari, kulikuwa na namba ndogondogo za kalamu nyekundu.

"Mama, hizi namba za nini?"

Karani aliangalia mlango kabla ya kujibu. "Kurasa."

"Kurasa gani?"

"Miaka ileee, ripoti moja ilipotea kurasa sita mle juu. Wakasema nimeziuza kwa waandishi wa habari. Nikasimamishwa miezi mitatu, mume wangu anaumwa. Niliporudi nikajiapiza. Sasa hakuna kinachopita hapa kabla sijakihesabu. Hata kiwe kitabu. Nahesabu, naandika, ndipo nagonga muhuri. Hakuna aliyeniagiza, Afande. Najilinda."

Kobe aliweka kidole kwenye mstari wa tarehe tisa. Namba nyekundu ilisema arobaini na nane.

Alitoa nakala ya rasimu kwenye mkoba wake, ileile iliyokutwa ofisini kwa Mhandisi ikiwa na muhuri wa masjala. Alilowesha kidole, akahesabu kurasa mojamoja. Arobaini na nane. Onyo la kenchi lilikuwa ukurasa wa thelathini na tisa. Kisha akafungua lile jedwali, akasoma maoni namba kumi na nne, ambayo alikuwa ameyasoma mpaka ameyakariri bila kuyaona:

*Ukurasa wa 61, aya ya pili. Onyo kuhusu kenchi linaweza kuzua taharuki isiyo ya lazima. Liondolewe. Mhandisi Mkuu wa Majengo.*

Akarudisha kidole kwenye namba ya ukurasa. Mama wa masjala akavua miwani ya puani, akavaa ya kichwani, akainama na yeye kusoma.

"Mbona sitini na moja?" akauliza.

"Nami ndilo ninalojiuliza. Hakuna kurasa nyingine zilizoletwa baadaye?"

"Afande, humu ndani hata bahasha tupu imeandikwa. Zilikuja hizo tu."

Kama ni hivyo, aliyeandika maoni namba kumi na nne hakuwa ameshika rasimu iliyofika wizarani. Alishika nyingine, ndefu zaidi, ambayo wizara haikuwahi kuiona. Na rasimu ambayo wizara haikuiona ingeweza kuwa mahali pamoja tu, kwa wale walioiandika.

Kulichukua daftari lile kulihitaji hati ya kuchukulia vielelezo, nakala moja ibaki masjala na nyingine iende kwa Katibu Mkuu. Kwenye nafasi ya sababu, askari wote huandika "kwa ajili ya upelelezi" na kumaliza. Kobe aliandika mistari saba, kwa herufi zinazosomeka: kwamba rasimu iliyopokewa ilikuwa na kurasa arobaini na nane, kwamba maoni yanataja ukurasa wa sitini na moja, na kwamba Mhandisi asingeweza kutoa maoni juu ya ukurasa asiokuwa nao.

Karani alisoma, akamtazama. "Hii ikifika juu, kuna watu watakosa hamu ya chakula cha mchana."

"Ndiyo maana nimeiandika vizuri. Ipeleke mwenyewe, mama. Usikimbie. Baada ya nusu saa hivi."

Ilikuwa saa sita na dakika tano.

Chumba cha mshauri kilikuwa ghorofa ya nne, humohumo wizarani. Hilo lilimshangaza Kobe tangu siku ya kwanza. Milango yote ya ujia ule ilikuwa na vibao vya majina na vyeo isipokuwa huo mmoja, na ndio mlango pekee uliokuwa na zulia lililochakaa mbele yake kwa kukanyagwa. Wizara nzima ilimwita mwenye chumba Profesa, ingawa hakuwahi kufundisha hata chekechea. Kwenye kampuni yake alikuwa mkurugenzi mwandamizi. Lakini kule kwenye kampuni, walimwambia Kobe, huonekana mara mbili kwa mwaka, na mara moja kati ya hizo ni kwenye picha ya pamoja.

Profesa alimfungulia kwa kadi ya kielektroniki. Mlango ukajifunga nyuma yao, ukalia *tii*. Dirisha lilikuwa la kioo kisichofunguka. Ukutani kulikuwa na picha tisa za mawaziri tisa, na katika kila picha, pembeni au nyuma, palikuwa na bega au sikio la mtu yuleyule.

"Karibu, Afande. Umekuja kwa ajili ya simu ya tarehe kumi na moja?"

"Hapana. Leo nimekuja kuhesabu." Kobe alimsomea onyo la kisheria, kwamba halazimiki kusema lolote na atakalosema litaandikwa. Kisha akaweka mezani vitu vitatu, daftari la masjala, rasimu na jedwali, kila kimoja kikiwa kimefunguliwa pale panapohusika. Hakueleza kitu.

Profesa alikuwa mtu mwembamba wa miaka sitini hivi, shati limenyooshwa likanyooka. Alisoma kama wanavyosoma watu wa kazi hiyo, macho tu, uso hauhusiki. Alipofika kwenye namba nyekundu, aliirudia mara mbili. Kisha akalisukuma daftari pembeni.

"Mama wa masjala anahesabu kurasa," alisema taratibu. "Miaka yote hii sikulijua hilo."

"Rasimu yenye ukurasa wa sitini na moja iko wapi?"

"Ni rasimu yetu ya ndani. Ilikuwa na kurasa sabini na nne. Picha za kenchi zilikuwa zimepangwa katikati. Tulipoileta wizarani tukazitoa picha tukazifanya kitabu cha pili, kikabaki kwetu."

"Nani wa wizara aliiona hiyo ya ndani?"

"Hakuna."

"Basi maoni ya wizara yameandikwa na nani?"

Profesa aliegemea kiti. "Afande, unajua wizara ikiletewa ripoti hufanya nini?"

"Huisoma."

Profesa alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Wanapewa siku kumi na nne za kutoa maoni. Siku zinaisha, hakuna maoni. Bila maoni ya mteja ripoti haiwezi kuhesabiwa imekamilika. Wanakasirika wao, tunakasirika sisi. Mwaka wangu wa nne hapa, katibu mkuu mmoja akaniambia, Profesa, wewe unatujua, si utuandikie tu? Nikaandika. Tangu hapo ni miaka kumi na minane. Naandika ripoti upande huu wa meza. Nahamia upande ule, naandika malalamiko ya wizara juu ya ripoti yangu. Narudi huku, nayajibu kwa unyenyekevu. Lazima nijigombeze kidogo, la sivyo haipendezi. Angalia namba sita."

Kobe aliangalia. Namba sita ilisema: *Mshauri ameonyesha uzembe katika takwimu za sura ya tatu.*

"Umejiita mzembe."

"Na nikaomba radhi. Iko safu ya pembeni."

Kichekesho kilikuwa kizuri, lakini Kobe hakucheka. Watu watatu walikuwa wamekufa chini ya vigae. Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika thelathini na nne. "Namba kumi na nne. Katibu Mkuu alikuagiza nini kwenye ile simu?"

"Ndicho utakachokosa, Afande. Najua unamtaka yeye. Hata mimi ningefurahi kukupa." Profesa alijifuta uso kwa leso. "Aliniambia mgeni rasmi amethibitisha tarehe. Akaomba hotuba ya dakika kumi. Nikamwambia, Mheshimiwa, kuna jambo dogo la kenchi kwenye rasimu. Hakusema kitu. Akashusha pumzi. Hivi." Profesa alishusha pumzi, ndefu na ya kuchoka. "Kisha akasema, haya bwana, unajua mwenyewe. Akakata."

"Basi?"

"Basi. Kesho yake nikakaa upande ule wa meza, nikaliondoa onyo kwa niaba ya wizara. Hakuna aliyeniambia. Baada ya miaka ishirini na miwili huhitaji kuambiwa. Unapata wateja kwa kujua wanachotaka kabla hawajakitaka. Nimehudumia mawaziri tisa. Kila mmoja alikuja na hasira ya kunifukuza, na kila mmoja, mwezi wa pili, alinipigia simu Jumapili."

"Na ukaandika cheo cha Mhandisi."

"Kila maoni lazima yawe na mwenyewe. Kenchi ni mambo ya wahandisi." Alilitazama jedwali. "Sikumfikiria yeye kama mtu. Nilifikiria safu ya jedwali. Ni mama mstaarabu, huwa ananisalimia kwenye ngazi. Tangu siku ile paa lilipoanguka silali. Naona aibu hata kunywa maji."

Kobe alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Angekuwa amekutana na mtu mwovu angejua pa kumshika. Huyu alikuwa mtu wa adabu, mwenye aibu ya kweli, na alikuwa amemfunga mwanamke asiye na hatia kwa ajili ya kujaza safu.

"Mama huyo anasomewa mashtaka saa nane," alisema. "Yote uliyonieleza, yaandike hapa na usaini." Alisogeza karatasi nyeupe na kalamu.

Profesa aliitazama karatasi. Hakuigusa.

"Siwezi."

"Umeshasema."

"Kusema ni kusema. Nikisaini hili, swali la pili litakuwa, maoni mengine uliyoandika ni yapi? Ni yote, Afande. Madaraja, shule, matangi ya maji. Mengi yako salama, nakuapia. Lakini nani atakubali kiapo changu? Na hawa," alionyesha picha za ukutani, "wote tisa watasema hawajawahi kuniona."

"Kumbe unaogopa kufukuzwa."

"Nilishajaribu kuondoka mwenyewe. Mara mbili. Ya kwanza tulifanya mpaka sherehe, nikapewa saa ya ukutani. Siku ya tatu gari la wizara likasimama mlangoni. Ya pili nililazwa, kifua. Sekretari wa Katibu Mkuu alikuja na mafaili mpaka kitandani, akayaweka juu ya miguu yangu. Mke wangu husema mimi nimeoa wizara, na yeye ni nyumba ndogo. Nitaenda wapi mimi? Sijui kuandika kitu kingine. Sijawahi hata kuweka jina langu chini ya chochote nilichoandika humu."

Kobe alimbembeleza, akamtisha, akamnyamazia. Dakika ishirini zilikwenda hivyo. Alimwambia habari za yule dada kwenye benchi. Alimwambia kwamba daftari la masjala litafika mahakamani hata bila yeye, na Profesa akajibu, kwa upole kabisa, kwamba daftari linaonyesha Mhandisi hakuandika, lakini wakili yeyote wa serikali atasema labda aliletewa rasimu ya ndani kwa njia ya panya. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomuuma Kobe. Alikuwa na ukweli wote mkononi na hakuwa na kitu cha kumpa mwendesha mashtaka.

Saa saba kamili alisimama kuondoka. Alisukuma mlango, haukufunguka. Aliuvuta, haukufunguka. Kulihitajika kadi hata kutoka.

"Nifungulie."

Profesa alikuwa ameinama, kichwa mikononi, na hakusikia. Hapo ndipo simu ya mezani ilipoita.

"Weka sauti," alisema Kobe.

Profesa alibonyeza kitufe. Sauti ya Katibu Mkuu ilijaa chumbani.

"Profesa, kuna karatasi ya polisi imeletwa mezani kwangu. Habari za kurasa arobaini na nane. Umezisikia?"

"Nimezisikia, Mheshimiwa."

"Basi lile la yule mama halitasimama."

"Halitasimama."

"Nimewaita waandishi wa habari saa saba na nusu. Nataka taarifa ya wizara, nusu ukurasa tu. Kwamba wizara haikutoa maoni yale. Kwamba yalichomekwa na mshauri bila sisi kujua. Kwamba tumesikitishwa sana, na kuanzia leo hatuna uhusiano wowote na huyo mshauri."

Profesa aliisogelea simu. "Huyo mshauri ni mimi, Mheshimiwa."

"Najua. Pole sana, ndugu yangu. Lakini sasa nani mwingine ataiandika?"

 Kobe aliuachia mkono wa mlango.

"Nipe dakika kumi," alisema Profesa.

Simu ilikatwa. Profesa alibaki ameitazama kidogo. Kisha akafanya jambo ambalo Kobe alilieleza baadaye kwa wenzake na hakuna aliyemsadiki. Alibeba kiti chake, akahamia upande wa pili wa meza, akavuta ileile karatasi nyeupe ambayo dakika ishirini nzima alikuwa ameikataa, na kuanza kuandika. Kalamu ilikwenda bila kusita. Hakufuta neno hata moja. Alipomaliza akaisoma kwa sauti, kama alivyozoea kuwasomea mawaziri.

"Wizara inapenda kuufahamisha umma kwamba maoni namba kumi na nne, yaliyosababisha kuondolewa kwa onyo la kenchi, hayakutolewa na Mhandisi Mkuu wa Majengo wala na mtumishi yeyote wa wizara. Yaliandikwa na mshauri wa kampuni iliyofanya ukaguzi, ofisini kwake ghorofa ya nne, tarehe kumi na mbili, kwa kutumia rasimu ya kurasa sabini na nne ambayo wizara haikuwahi kuletewa. Mshauri huyo alitumia cheo cha Mhandisi bila ya yeye kujua. Wizara inasikitishwa na kitendo hicho, na inawaomba radhi Mhandisi, familia yake, na familia za marehemu."

"Katibu Mkuu hakukwambia uombe radhi," alisema Kobe.

"Huwa anasahau. Huwa namuwekea."

"Kila neno hapo ni kweli?"

Profesa aliipitia tena, mstari kwa mstari. "Ni kweli. Lakini hii ni sauti ya wizara, Afande. Siyo yangu."

"Mkono ni wako. Weka jina chini."

"Niweke na cheo?"

"Wameshakuvua. Jina linatosha."

Profesa alishika kalamu juu ya karatasi kwa muda mrefu. Kobe aliona dakika tatu zikipita ukutani na hakumharakisha. Mwishowe mzee aliandika jina lake lote, polepole, jina la kwanza, la baba na la babu. Chini yake akaweka saini.

Kobe alimpigia mwendesha mashtaka palepale, akamweleza habari ya daftari la masjala, akamsomea taarifa yote. Upande wa pili kulikuwa na kelele za ujia wa mahakama. "Rudia hapo pa cheo cha Mhandisi," alisema mwendesha mashtaka, na Kobe akarudia. "Kimesainiwa? Mbele yako, baada ya onyo?" Kobe akasema ndiyo. "Kilete na daftari hilo kabla ya saa nane. Huyo mama sitamsomea kitu. Nitamwambia dada yake mwenyewe, ameshafika hapa mahakamani, anatutolea macho sote."

Kobe alikata simu. Aliikunja karatasi, akaiweka kwenye bahasha ya vielelezo, akaifunga.

"Twende, Profesa. Chukua na kadi ya mlango."

Profesa hakunyanyuka. Macho yake yalikuwa kwenye bahasha.

"Hiyo ndiyo nakala pekee, Afande. Waandishi wanaingia sasa hivi. Katibu Mkuu atasoma nini?"

"Si aandike mwenyewe."

Machozi yalianza kumtoka Profesa, na hakuyafuta.

"Hajui," alisema. "Hakuna anayejua, jengo zima. Nilihakikisha mwenyewe."